Sura ya Tano: Si Tununue Tu?

Swali hili nimeulizwa kwenye mabasi, nimeulizwa msibani, na safari moja nimeulizwa na kinyozi aliyeshika mashine iliyomzimikia katikati ya kichwa changu. Umeme ulikuwa umekatika. Upande mmoja nywele zimekwenda, upande wa pili zipo, naye ananitazama kwenye kioo kana kwamba kosa ni langu. "Mzee wangu," akasema, "Wachina wanatengeneza sola. Wajerumani wana mitambo ya upepo. Wakenya hapo jirani wanatoa umeme kwenye mvuke wa ardhini. Sasa sisi tunangoja nini? Si tununue tu, tufunge, yaishe?"

Nilikuwa na muda mwingi wa kumjibu, maana kwa kichwa kile nisingeweza kwenda popote. Sura hii ni jibu lile lile, ila nimelipanga vizuri zaidi kuliko siku ile.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Nishati safi ni ile inayopatikana bila kujaza hewani moshi na hewa ukaa, yaani gesi inayotoka tunapochoma makaa ya mawe, mafuta na magogo, na inayozidisha joto la dunia. Jua, upepo, maji yaendayo kasi, mvuke wa ardhini, gesi ya samadi, vyote vimo. Mimi nitaingiza pia jiko linalokula mkaa kidogo. Wapo watakaosema hilo si safi, ni afadhali tu. Nakubaliana nao. Lakini kwa mama anayenunua mkaa kwa kopo, afadhali ni jambo kubwa, na katika mambo yote ambayo mataifa yamewahi kufundishana kuhusu nishati, hadithi ya jiko hilo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Jiko lenye kiuno

Ingia soko lolote kuanzia Kisumu hadi Morogoro utalikuta: jiko la mkaa, juu pana, chini pana, katikati limebanwa kiuno. Nje bati, ndani kikombe cha udongo wa kuchoma. Limezoeleka kiasi kwamba wengi wetu tunadhani lilikuwapo tangu enzi za mababu. Kumbe mmoja wa mababu zake anatoka Thailand.

Jiko tulilokuwa nalo kabla yake lilikuwa bati tupu, na husimuliwa kwamba umbo lake lilikuja na mafundi wa Kihindi walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa. Bati tupu halina ubaguzi. Sufuria inapata joto lake, ukuta unapata lake, na miguu ya mpishi inapata lake. Miaka ya 1970 mafuta yalipopanda bei duniani, nchi nyingi zikaanza kuhesabu upya kuni na mkaa wao. Agosti 1981 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati jadidifu, yaani nishati inayojirudia yenyewe, kama jua na upepo, isiyokwisha kwa kutumiwa. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1980 ndipo Wakenya walipokutana na jiko la ndoo la Thailand: ndoo ya bati ambayo ndani imejazwa udongo wa kuchoma, ili joto lisipate pa kutorokea.

Kama wangefuata ushauri wa kinyozi wangu, wangeagiza kontena la ndoo kutoka Bangkok na hadithi ingeishia bandarini. Jiko la Thailand lilikuwa zuri, lakini lilikuwa zuri kwao. Ndoo iliyojaa udongo juu hadi chini ni nzito, na mpishi wa Nairobi huwashia jiko nje, moshi ukiisha analibeba ndani. Udongo nao ulikuwa na tabia ya kupasuka. Halafu kuna ugali. Anayesonga ugali hapiki tu, anapigana. Jiko lisilokaa imara litamwaga sufuria, moto na chakula cha watoto kwa pamoja. Hilo mbunifu wa Thailand hakuwa na sababu ya kulifikiria.

Basi likavunjwa na kujengwa upya, mara nyingi. Walishiriki wafinyanzi, wataalamu wa majiko kama Maxwell Kinyanjui, na mafundi wa jua kali, yaani mafundi wadogo wanaofanyia kazi nje, wa Shauri Moyo, mtaa wa Nairobi ambao mlio wake wa nyundo na bati hauna mapumziko. Udongo ukabakizwa nusu ya juu tu, mahali penye moto. Chini pakaachwa bati lililotanuka ili jiko likae chini vizuri. Kiuno kikabana katikati kukishika kikombe cha udongo kisizame. Watu wakapata jiko ambalo lilikuwa nusu la kwao na nusu la mgeni, lenye kupunguza mkaa kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu, kutegemea ufundi wa aliyelitengeneza na mkono wa anayepika.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa kulitazama jiko lenyewe. Lilitengenezwa kwa bati chakavu lililokuwa tayari mtaani, na mafundi walewale waliokuwa wakitengeneza lile la zamani, likauzwa na wachuuzi walewale. Hakuna aliyehitaji kujengewa kiwanda. Mafundi wakaigana, wengine vizuri, wengine vibaya sana, na kwa muda soko lilikuwa na majiko yenye udongo mbichi usiomaliza hata msimu mmoja. Lakini ushindani ulishusha bei, na bei iliposhuka jiko likaingia kwenye nyumba za kupanga ambazo hakuna mradi uliowahi kuzifikia.

Kisha likasafiri tena. Tanzania tukaliita jiko bora. Rwanda likawa rondereza, jina lenye maana ya kutumia kwa kubana. Ethiopia likaitwa lakech, Senegal sakkanal. Kila lilikofika watu walilipima kwa sufuria zao na kulibadilisha kidogo. Ukipanga majiko hayo yote mstari mmoja utaona ni ndugu, lakini hakuna pacha.

Kwa ufupi: kilichotoka Thailand kilikuwa wazo moja, kwamba udongo huzuia joto. Mengine yote yalifanywa na watu waliokuwa na ruhusa, na uwezo, wa kulivunja jiko la mgeni.

Balbu tano

Tuache jiko twende kwenye mitambo mikubwa, ambako nyundo ya Shauri Moyo haifiki. Je, huko nako mambo ni hayo hayo?

Jotoardhi ni joto lililomo chini ya ardhi. Kuna sehemu za dunia ambapo mwamba wa moto uko karibu kiasi kwamba maji ya chini huchemka. Ukichimba kisima, mvuke hupanda kwa nguvu ya kuzungusha mtambo wa umeme. Wa kwanza kulifanya hilo lionekane alikuwa Piero Ginori Conti, bwana mkubwa wa Italia, ambaye mwaka 1904 huko Larderello aliwasha balbu tano kwa mvuke wa ardhini. Balbu tano tu. Mwaka 1913 hapo hapo kikajengwa kituo cha kwanza cha biashara.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya New Zealand, nchi yenye chemchemi za moto tele, iliwaomba wahandisi wake waliokuwa vitani Italia wapite Larderello wakaitazame mitambo. Walipofika mwaka 1944 walikuta imebomolewa kabisa. Ziara ya mafunzo iliyokuta magofu! Wenzao walirudi baada ya vita, wakati Waitalia wamekwisha kujenga upya, wakaona, wakaandika, wakarudi kwao Wairakei kuchimba. Na hapo wakagundua kwamba Larderello isingeweza kunakiliwa. Visima vya Italia hutoa mvuke mkavu. Vya Wairakei vilitoa mchanganyiko wa mvuke na maji ya moto, na maji yakiingia kwenye mtambo huuharibu. Ikabidi wabuni chombo cha kuuzungusha mchanganyiko kwa kasi hadi maji yaanguke chini na mvuke ubaki peke yake. Kituo chao kikaanza kufua umeme mwaka 1958, na vyombo vya namna hiyo vikasambaa duniani.

Miezi sita Reykjavík

Kenya ilianza mapema na ikaanza vibaya. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, vilichimbwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na havikutoa mvuke wa maana. Vikaachwa. Kazi ikafufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 ukawaka mtambo wa kwanza wa megawati 15. (Megawati moja inatosha kuwasha balbu 100,000 za wati kumi kumi kwa pamoja.) Mwaka 1985 mitambo ikawa mitatu, jumla megawati 45. Halafu kwa miaka mingi pakawa kimya. Kituo cha Olkaria II kilikuja mwaka 2003.

Anayetazama mitambo tu atasema miaka hiyo ilipotea. Mimi nadhani kulikuwa na kitu kingine kikijengwa ambacho hakipigwi picha. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha huko Reykjavík, Iceland, mafunzo ya jotoardhi ya miezi sita, kwa watu ambao tayari wana kazi hiyo makwao. Hakuwa anakwenda waziri kukata utepe. Alikuwa anakwenda mwanajiolojia, mchimbaji, mkemia wa maji, mtu aliyeacha kisima chake nyumbani na kuja na takwimu zake mkononi. Kenya ni kati ya nchi zilizopeleka watu wengi zaidi kuliko zote. Kuanzia 2005 sehemu ya mafunzo hayo ikahamia Kenya kwenyewe, kozi fupi kando ya Naivasha, na Waafrika wa nchi nyingine wakaanza kuja huko.

Pesa zilipopatikana, watu walikuwapo. Mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 ziliongezwa Olkaria megawati 280. Leo mitambo ya jotoardhi ya Kenya ina uwezo wa zaidi ya megawati 900 na hutoa kiasi cha asilimia 40 ya umeme wa nchi. Wakenya nao hawakubaki kunakili. Kwa kawaida kisima kikishatoa mvuke, hukaa miaka kikisubiri kituo kikubwa kijengwe. Olkaria wakafunga mitambo midogo kwenye midomo ya visima, ili mvuke uanze kulipa deni wakati kituo kikubwa bado kiko kwenye michoro. Jirani, shamba la maua la Oserian likatumia joto la kisima kupashia mabanda ya maua. Na kwa kuwa Iceland ina bwawa maarufu la kuogelea lenye maji ya jotoardhi, Olkaria nayo ikapata lake. Hata starehe hufundishwa.

Iceland ilikuwa na somo jingine, la pesa. Kisima cha jotoardhi hushuka kilomita mbili hadi tatu, hugharimu mamilioni ya dola, na kinaweza kuwa kikavu. Benki haipendi kucheza kamari ya namna hiyo. Iceland walikuwa na mfuko wa taifa uliokopesha manispaa zake pesa za kuchimba. Kisima kikifanikiwa mkopo unalipwa, kikishindwa unageuka msaada. Ndivyo walivyothubutu, baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, kutandaza maji ya moto hadi leo karibu nyumba tisa kati ya kumi zinapashwa joto kutoka ardhini. Kenya ilikabili hatari hiyo hiyo kwa njia yake: mwaka 2008 iliunda kampuni ya serikali ya kuchimba visima, GDC, ili mwekezaji aje akute mvuke tayari. Mwaka 2012 Umoja wa Afrika na Ujerumani wakaanzisha mfuko wa kusaidia gharama za visima vya mwanzo kwa nchi za Afrika Mashariki.

Kwa ufupi: mashine inasafiri kwa meli wiki chache. Mtu anayejua kwa nini mashine ile iko vile anachukua miaka, na lazima alipwe vizuri asiondoke.

Makaburi yasiyotembelewa

Sasa nimuulize msomaji: nchi gani ya Afrika ilikuwa ya kwanza kupata umeme wa jotoardhi?

Wengi watasema Kenya. Ni Kongo. Mwaka 1952, Kiabukwa, huko Katanga, mgodi wa bati wakati wa utawala wa Wabelgiji uliwashwa kwa mtambo wa kama kilowati 200, yaani sehemu ya tano ya megawati moja, uliotumia chemchemi ya maji yenye joto la nyuzi 91 tu. Mgodi ulipofungwa, mtambo ukafa nao. Wazo lenyewe lilikuwa la mbele sana, kwa sababu lilionyesha kwamba hata maji yasiyofika kuchemka yanaweza kufua umeme. Lakini lilikuwa limefungwa kwenye mgodi, mikononi mwa watu wa mgodi, na halikuacha mwanafunzi hata mmoja nchini.

Sogea hadi pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Zambia, mahali paitwapo Kapisya. Katikati ya miaka ya 1980, Italia ile ile ya balbu tano ilisaidia kuchimba visima na kufunga mitambo miwili midogo kwenye chemchemi za moto. Mitambo ilifika, visima vilichimbwa, nyumba ya mitambo ikasimama. Laini ya kuutoa umeme kuupeleka kwa watu haikujengwa. Kituo hakikufanya kazi.

Ungetegemea kwamba kosa la wazi kiasi hicho lingefundisha bara zima. Miaka thelathini baadaye, karibu na Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, yalisimamishwa mapangaboi 365 ya upepo yaliyotengenezwa na kampuni ya Vestas ya Denmark, megawati 310 kwa jumla, mradi mkubwa wa upepo kuliko uliowahi kujengwa nchini humo. Mapangaboi yalikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuufikisha umeme kwenye gridi ya taifa huko Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Upepo ulivuma, mapangaboi yakasimama, na kwa kuwa mkataba ulisema hivyo, fidia ikadaiwa. Turkana ilipona kwa sababu ilikuwa kubwa mno kuachwa, lakini ugonjwa ulikuwa ule ule wa Kapisya.

Kwa nini hatukujifunza? Nina dhana yangu. Tuna utamaduni wa ziara za mafunzo. Ujumbe unapanda ndege, unavalishwa kofia ngumu, unapigwa picha mbele ya mtambo unaong'aa, unapewa chakula cha mchana na posho, unarudi na ripoti yenye mapendekezo kumi. Sijawahi kusikia ujumbe ulioomba kupelekwa mahali mradi ulikofia. Mwenyeji hawezi kuwapeleka asipoombwa; nani hupeleka wageni jaani? Lakini huko ndiko elimu iliko, tena bila kiingilio.

Kama ningeruhusiwa kuandikia ujumbe kama huo maswali, yangekuwa haya:

- Mradi upi kama huu mlishindwa kabla ya huu kufaulu, na tunaweza kwenda kuuona leo mchana?
- Kifaa kikiharibika Jumamosi usiku, anapigiwa nani, na anaishi wapi?
- Mlibadilisha nini kutoka kwa yule mliyejifunza kwake?
- Waliokuwa wakiishi hapa zamani wako wapi?

La mwisho si la adabu tu. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa Olkaria, wakapewa makazi mapya, na baadhi yao wakapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kuhusu nyumba, barabara na hati za ardhi. Ikabidi wasuluhishi waitwe. Anayekwenda Olkaria kujifunza mvuke na asiulize habari hiyo amerudi na nusu ya somo.

Drumu la India, kuba la China

Hadithi ya tatu ni fupi, nayo ina harufu. Bayogesi ni gesi inayotoka samadi inapooza mahali pasipo hewa, ukiikusanya unapikia. India walikuwa na mtambo ambao juu yake linaelea drumu la chuma, linalopanda gesi ikijaa na kushuka ikitumika. Katikati ya miaka ya 1970 shirika la viwanda vidogo, SIDO, lilianza kuijenga mitambo ya aina hiyo Tanzania. Ilifanya kazi, lakini chuma ni ghali na chuma hushika kutu. China walikuwa na wao: kuba la matofali lililozikwa ardhini, bila drumu lolote. Kuba halishiki kutu, ila likipata ufa gesi inakimbia kimyakimya, na mwenye nyumba anabaki kulaumu ng'ombe.

Miaka ya 1980 kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kwa kushirikiana na Wajerumani, kilichukua kuba la China na kulibadilisha. Wakaweka pete dhaifu ya makusudi kati ya sehemu ya chini ya kuba na ile ya juu, ili ardhi ikisukuma, ufa utokee hapo chini pasipodhuru, usipande juu kwenye gesi. Wakaongeza pia jambo ambalo halikuwa la uhandisi hata kidogo, banda la ng'ombe. Kwenye vihamba vya migomba na kahawa vya Kilimanjaro na Meru ng'ombe hufugwa ndani na kuletewa majani, kwa hiyo samadi iko pale pale; ukijenga banda lenye sakafu ya mteremko, inaingia kwenye mtambo yenyewe. Peleka mtambo huo huo kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake analala leo hapa kesho bonde la pili, na utakuwa umempa shimo la matofali.

Karatasi nayo husafiri

Tumezoea kufikiri teknolojia ni chuma na waya. Mkataba nao ni kifaa, na unaweza kunakiliwa vizuri au vibaya.

Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1990 na nyingine kubwa zaidi ya mwaka 2000, ilisema hivi: mtu yeyote anayezalisha umeme wa upepo au jua, hata mkulima mwenye paa la ghala, kampuni za umeme lazima ziununue, kwa bei inayojulikana, na kwa miaka ishirini. Hiyo ndiyo huitwa bei ya uhakika. Watu wa kawaida wakaenda benki na karatasi ile wakakopeshwa. Viwanda vya paneli vikapata wateja, vya China vikaongeza kasi, na bei ya sola ikaanguka duniani kote. Taa ya jua inayouzwa leo Kariakoo ina shukrani yake kwa walipa bili wa Ujerumani, ingawa hawajui.

Hispania ikaiga. Ikaweka bei nono mno, na haikuweka kikomo kinachofanya kazi. Ilikuwa imelenga kufikia chini ya megawati 500 za paneli za jua ifikapo 2010. Mwaka 2008 peke yake zikafungwa zaidi ya 2,500. Deni likawa mlima. Serikali ikakata bei, baadaye ikagusa hata za waliokwisha jenga, na wawekezaji wakaipeleka mbele ya mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa.

Uganda ilipoanza mpango wake wa GET FiT mwaka 2013, kwa msaada wa Ujerumani na wengine, wazo la bei ya uhakika lilikuwa lile lile, lakini breki zilikuwapo. Mpango ulikuwa wa mitambo midogo, kati ya megawati 1 na 20. Wafadhili waliongeza nyongeza juu ya bei ili mzigo usimwangukie mteja. Na kwa umeme wa jua, wajenzi walishindanishwa nani atauza kwa bei ya chini. Kituo cha Soroti cha megawati 10 kikazinduliwa Desemba 2016. Uganda ilinufaika na kidonda cha Hispania bila kujikata.

Tanzania, kwa upande wake, ilipotaka mikataba sanifu ya wazalishaji wadogo mwaka 2008 na 2009, yaani mkataba mmoja uliokwisha andikwa ambao kila mzalishaji mdogo anautumia bila kuajiri mawakili wa kuuandika upya, ilijifunza kutoka Thailand. Thailand tena! Nchi iliyotupa udongo wa jiko ikatupa na karatasi. Chini ya utaratibu huo mto Mwenga, wilayani Mufindi, ulipata mtambo wa megawati 4 mwaka 2012, unaouza umeme gridi ya taifa na kuwasha vijiji vya jirani.

Tajiri naye hukaa dawati

Mtu asidhani darasa hili ni la nchi maskini. Denmark, mwaka 1957, mhandisi Johannes Juul alisimamisha huko Gedser pangaboi la mapanga matatu la kilowati 200. Lilifanya kazi miaka kumi na moja bila makuu, kisha likaachwa kwa sababu mafuta yalikuwa rahisi. Mafuta yalipopanda bei, Wamarekani waliotuma watu mwezini walikwenda Denmark na pesa mkononi, wakaomba pangaboi lile kuukuu liwashwe tena ili walipime. Wajerumani walijaribu kuruka hatua: mwaka 1983 walizindua Growian, jitu la megawati 3, refu kama jengo la ghorofa thelathini. Lilipata nyufa, likatumika saa mia chache tu, likabomolewa. Huko Denmark, miaka ya 1970, seremala Christian Riisager alikuwa ametengeneza la kilowati 22 nyuma ya nyumba yake. Likafuatwa na kubwa kidogo, na jingine kubwa kidogo. Mafundi wa Shauri Moyo wangeelewana naye kwa ishara za mikono tu.

Kwenye ziwa la chumvi

Kuanzia mwaka 2019 KenGen, kampuni ya umeme ya Kenya, imepata mikataba ya kuchimba visima vya jotoardhi Ethiopia, na mwaka 2021 ikapata wa Djibouti, mahali paitwapo Galla le Koma, jirani na Ziwa Assal. Ni watu wa Olkaria hao, baadhi yao walimu wao walisoma Iceland, na umeme wa jotoardhi duniani ulianzia Larderello.

Ziwa Assal liko mita zaidi ya 150 chini ya usawa wa bahari, na kingo zake ni nyeupe kwa chumvi. Visima vilivyochimbwa eneo hilo miaka ya 1970 na 1980 vilipata joto la kutosha, lakini maji yaliyopanda yalikuwa na chumvi kuliko ya bahari mara tatu hivi, na yakagandisha ukoko ndani ya mabomba hadi yakaziba. Maji ya Olkaria hayana tabia hiyo. Wakenya walifika huko wakiwa na uzoefu wa miaka arobaini ya mvuke, na jambo ambalo Naivasha haikuwahi kuwafundisha likiwangoja chini ya ardhi.